Hifadhidata mpya zimeingia maktabani: uanze na ipi?

"Nimetafuta, hakuna kitu." Nakaa kwenye dawati la msaada katika maktaba ya chuo kikuu, na maneno hayo nayasikia mno, hasa katika majuma yanayofuata tangazo kwamba maktaba imeongeza hifadhidata mpya. Tangazo huja na orodha ndefu ya majina na tarakimu kubwa kubwa: mamilioni ya makala huku, mamilioni ya kurasa kule. Mtafiti anafungua jina la kwanza, anaandika maneno mawili, anapata majibu tisa yasiyomhusu, anaondoka akiamini kwamba mada yake haijawahi kuandikiwa. Mara nyingi imeandikiwa sana. Alichokosea ni mlango wa kuingilia.

Kwa hiyo sitazilinganisha hifadhidata hizi kwa ukubwa. Nitazilinganisha kwa swali ambalo matangazo hayalijibu: ukiandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia, kompyuta inakwenda kulitafuta wapi? Katika jina la makala na ikisiri (muhtasari wake mfupi) tu, au katika kila mstari wa kila ukurasa? Na kama ni kila mstari, ni nani aliyezigeuza kurasa zile za karatasi kuwa maandishi: mtu aliyekaa akachapa, au mashine iliyokisia herufi kutoka kwenye picha? Ukilijua jibu, nusu ya uchaguzi umeshaumaliza.

Ili tusizungumze hewani, nitatumia mada moja kotekote: kifua kikuu. Nimeichagua kwa sababu ugonjwa huu umebadilishwa jina. Katika vitabu vya Kiingereza vya karne ya 17 na 18 uliitwa "consumption" au "phthisis". Jina "tuberculosis" lilianza kutumika miaka ya 1830, na Robert Koch alitangaza kwamba amegundua bakteria wake tarehe 24 Machi 1882. Anayetafuta jina la leo ndani ya vitabu vya 1750 atakutana na kimya, ilhali watu wa 1750 walikuwa wanakufa kwa ugonjwa huohuo na waliuandika kila mahali.

Majarida: JSTOR na Project MUSE

JSTOR ilianza 1995. Wazo lilikuwa la William Bowen, rais wa taasisi ya ufadhili ya Mellon Foundation wakati huo, na tatizo alilotaka kulitatua lilikuwa la rafu: majarida ya zamani yalikuwa yakijaza majengo ya maktaba hadi pa kuweka mapya pakakosekana. Chanzo hicho ndicho kinachoeleza tabia yake hadi leo. JSTOR ni hodari wa kurudi nyuma, mara nyingi mpaka toleo la kwanza kabisa la jarida. Philosophical Transactions la Royal Society, lililoanza 1665, limo. Kisanduku chake kinasoma maandishi yote ya ukurasa, na kwa majarida ya karne ya 20, yaliyochapwa kwa herufi safi, mashine imesoma vizuri.

Kasoro yake ina jina: ukuta unaosogea. Kwa majarida mengi, matoleo ya miaka 3 hadi 5 ya karibuni hayamo. Kila mwaka unapoanza, ukuta unasogea hatua moja na mwaka mwingine wa zamani unafunguliwa. Asiyejua hili huandika sura yake ya mapitio ya maandiko kwa kutegemea JSTOR peke yake, na msimamizi akiisoma anaona mara moja kwamba mjadala umekatika miaka mitano iliyopita. Nimewaona wanafunzi wenye bidii kabisa wakirudishiwa sura kwa sababu hiyo, na hakuna aliyekuwa amewaambia.

Project MUSE inaziba pengo hilo kwa sehemu. Iliasisiwa 1993 na wachapishaji wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins pamoja na maktaba yao, na huweka matoleo ya sasa ya majarida ya fani za sanaa na sayansi za jamii yanapotoka. Ina majarida machache, ila ni mapya. Kama swali lako ni "wanahistoria wa tiba wanabishania nini mwaka huu", anza MUSE. Kama ni "ubishi huu ulianzaje", anza JSTOR. Mwanafunzi wa fizikia au uhandisi aliyesimama mezani kwangu na majina haya mawili mkononi huwa namwambia mapema aende kwingine, maana atapoteza mchana wake bure.

Jambo moja zaidi kuhusu JSTOR ambalo wengi hawalijui: tangu Septemba 2011 makala zake za zamani, zilizochapishwa Marekani kabla ya 1923 na kwingineko kabla ya 1870, ziko wazi kwa mtu yeyote duniani, awe na chuo au asiwe nacho. Wakati huo zilikuwa karibu makala 500,000.

Vitabu vya kale: hapa ndipo watu hupotea

Maktaba ikitangaza imeongeza Early English Books Online au Eighteenth Century Collections Online, ujue imetumia fedha nyingi na imekuletea hazina. Ya kwanza, EEBO, inahusu vitabu vilivyochapwa kati ya 1473 na 1700. Ya pili, ECCO, iliyotolewa na kampuni ya Gale mwaka 2003, inahusu karne ya 18 na ina vitabu zaidi ya 180,000. Kwa kuziangalia, zinafanana kama mapacha: picha za kurasa zilizochakaa, kisanduku cha kutafutia juu, orodha ya majibu chini. Ukizitumia kwa namna moja, moja wapo itakudanganya.

Tuanze na ECCO. Picha zake zilipigwa kutoka filamu ndogo za maikrofilimu, si kutoka kitabu chenyewe, kisha mashine ikapewa kazi ya kusoma herufi. Sasa, wachapaji wa Kiingereza wa karne ya 18 walikuwa na herufi "s" ndefu, waliyoiweka mwanzoni na katikati ya neno, na kwa macho ya haraka inafanana kabisa na "f". Mashine nayo iliona "f". Matokeo yake ni kwamba neno "consumption" limehifadhiwa mahali pengi kama "confumption". Ukiliandika sahihi, unapata sehemu tu ya kilichomo. Liandike tena kwa "f", na kurasa nyingine ambazo hazikuonekana zinajitokeza. Nimewafundisha wanafunzi hila hii moja kwa miaka na bado huwa nafurahi kuona uso wa mtu anapofungua ukurasa uliokuwa umefichwa na herufi moja.

EEBO iko tofauti. Sehemu kubwa ya vitabu vyake, takriban 60,000, vilichapwa upya na watu, neno kwa neno, katika mradi wa pamoja wa vyuo uitwao Text Creation Partnership. Kosa la "s" na "f" hulioni huko. Badala yake unakutana na tatizo jingine, nalo ni la waandishi wenyewe: kabla ya 1700 tahajia ya Kiingereza ilikuwa haijatulia, na neno moja liliandikwa kwa namna tatu au nne, wakati mwingine na mwandishi mmoja. Programu ya EEBO ina kitufe cha kuleta tahajia mbadala, kiwashe. Tena kumbuka kwamba vitabu visivyochapwa upya vimo kwa picha tu. Kuvitafuta kwa maneno ya ndani ni sawa na kuvitafuta gizani, kwa hiyo tumia jina la mwandishi, mwaka na mada kama zilivyo kwenye katalogi.

Kwa hiyo ipi kati ya hizi mbili? Karne yako ndiyo itakuamulia, bila shaka. Ila kama mada yako inavuka 1700 na unataka kuhesabu neno lilitumika mara ngapi kabla na baada, tafadhali usiweke hesabu za EEBO na ECCO kwenye jedwali moja. Ya kwanza imesomwa na macho ya watu, ya pili na mashine iliyokuwa ikikisia, na tofauti utakayoiona huenda ni ya wasomaji hao wawili, haihusiani na lugha wala ugonjwa. Kosa hili naliona hata kwa watu wazoefu, na linaniuma kwa sababu jedwali lenyewe huwa limetengenezwa kwa uangalifu mkubwa.

Kama maktaba yako haina uwezo wa kulipia hata moja, usikate tamaa. Maandishi ya EEBO yaliyochapwa upya katika awamu ya kwanza, zaidi ya vitabu 25,000, yalifunguliwa kwa umma Januari 2015, na yale ya awamu ya pili yakafuata 2020.

Halafu kuna HathiTrust, ambayo naipenda kuliko zote hapa na sifichi. Ilianzishwa 2008 na vyuo vikuu vya Marekani vilivyounganisha vitabu vyao vilivyoskaniwa, na sasa ina juzuu zaidi ya milioni 17. Wengi huidharau wakisikia kwamba vitabu vingi vimefungwa kwa hakimiliki. Wanasahau kwamba kutafuta ni kitu kimoja na kusoma ni kingine. HathiTrust inakuruhusu kutafuta neno hata ndani ya kitabu usichoruhusiwa kukisoma, na inakutajia namba za kurasa ambako neno hilo limo. Unajua sasa kwamba kitabu fulani cha 1962 kinazungumzia sanatoria (hospitali za mapumziko) za kifua kikuu katika kurasa 14 mfululizo, na kingine ulichotaka kukiazima kinalitaja neno mara moja tu, kwenye tanbihi. Unaagiza cha kwanza kupitia huduma ya kuazimana kati ya maktaba na kuachana na cha pili. Hakuna hifadhidata ya kulipia kati ya hizi iliyonipunguzia safari za bure kwa kiasi hicho.

Mipaka yake ni miwili. Aliye nje ya Marekani atakuta baadhi ya vitabu vilivyo wazi kwa aliye ndani vimefungwa kwake, kwa kuwa sheria za hakimiliki hazilingani. Na kupakua kitabu kizima, hata kilicho huru, mara nyingi kunahitaji chuo chako kiwe mwanachama. La sivyo utapakua ukurasa mmoja mmoja. Kusoma kwenye skrini hakuzuiwi.

Nani alimnukuu nani: Scopus, Web of Science, OpenAlex

Hapa tunaingia kundi lisilo na maandishi ya ndani kabisa. Hizi ni faharasa. Ukitafuta Scopus kwa utaratibu wake wa kawaida, inasoma jina la makala, ikisiri na maneno muhimu, basi. Mtu anayeingiza sentensi ndefu aliyoikumbuka kutoka katikati ya makala hapati kitu, na hapo ndipo ninaposikia tena "hakuna kitu". Nguvu ya faharasa ni nyuzi: makala hii ilinukuu zipi, na zipi zilikuja kuinukuu baadaye.

Chukua mfano. Tarehe 30 Oktoba 1948 British Medical Journal lilichapisha jaribio la streptomaisini kwa wagonjwa wa kifua kikuu cha mapafu. Wagonjwa 107 waligawanywa kwa bahati nasibu: 55 walipewa dawa pamoja na mapumziko ya kitandani, 52 wakapewa mapumziko peke yake. Baada ya miezi sita walikuwa wamekufa 4 katika kundi la kwanza na 14 katika la pili. Majaribio ya dawa ya leo yanaitazama makala hiyo kama mzee wa ukoo. Sasa wewe unataka kujua: madaktari wa miaka ya 1950 waliipokeaje?

Scopus, iliyoanzishwa na kampuni ya uchapishaji ya Elsevier mwaka 2004, imeweka orodha za marejeo kuanzia 1970. Ukifuata nyuzi za makala ya 1948 humo, utaona walioinukuu tangu 1970 na kuendelea, na ile miongo miwili ya mwanzo itakuwa karibu tupu. Web of Science ina mizizi mirefu zaidi. Ilizaliwa kutokana na Science Citation Index ya Eugene Garfield, iliyoanza kuchapishwa 1964, na baadaye faharasa hiyo ikarudishwa nyuma hadi 1900. Kwa swali letu, Web of Science inashinda waziwazi, lakini kwa sharti ambalo mtumiaji halioni kwenye skrini: maktaba hununua miaka. Chuo kimoja kimelipia tangu 1900, kingine tangu 1990, na ukurasa wa mwanzo unafanana. Muulize mkutubi wako mmelipia tangu mwaka gani kabla hujaandika kwamba makala fulani "haikunukuliwa".

Kwa anayeandika kuhusu miaka ishirini iliyopita, mambo hugeuka. Scopus ina wigo mpana wa majarida na ni rahisi kwa anayeanza. Ningemwambia mwanafunzi wa uzamili wa afya ya jamii aanzie hapo. Zote mbili zinaelemea upande wa Kiingereza na wa sayansi, na mtu wa fasihi au wa historia ya eneo moja atakuta vitabu vyake, ambavyo ndivyo moyo wa fani, havionekani vizuri.

OpenAlex ndiyo mpya kati yao. Ilifunguliwa Januari 2022, mara tu Microsoft ilipofunga faharasa yake ya kitaaluma mwishoni mwa 2021, na ilipewa jina kwa kumbukumbu ya maktaba ya kale ya Alexandria. Ni bure, data zake hazina hakimiliki, na ina rekodi za kazi zaidi ya milioni 200. Chuo Kikuu cha Sorbonne kilitangaza mwishoni mwa 2023 kwamba kinaacha Web of Science na kuhamia huku. Upana huo una gharama yake: rekodi hukusanywa kwa mashine, kwa hiyo waandishi wawili wenye jina moja huweza kuunganishwa kuwa mtu mmoja, na makala moja huweza kuonekana mara mbili. Naiamini kwa kutafuta na kwa kupata picha ya jumla. Kwa kuhesabu manukuu ya mtu anayeomba kupandishwa cheo, ningekagua kila mstari kwa mkono.

PubMed na tasnifu, kwa ufupi

Anayeshughulika na tiba asiianze kazi yake Scopus wala Web of Science bila kupita PubMed. Iko wazi kwa umma tangu 1997, na nyuma yake kuna orodha ya istilahi iitwayo MeSH, inayotunzwa tangu 1960, ambayo huifungia makala mada yake bila kujali mwandishi alitumia neno gani. Ukiandika "TB", PubMed yenyewe inakutafutia "tuberculosis" pia. Angalia tu usiichanganye na PubMed Central, iliyoanza 2000: PubMed inasoma ikisiri, PubMed Central inasoma makala nzima na kukupa makala hiyo bure. Majina yamekaribiana mno na watu huzichanganya kila siku. Ile makala ya 1948 unaweza kuisoma PubMed Central, ukurasa kwa ukurasa, kama ilivyochapwa.

Kwa upande wa tasnifu, ProQuest Dissertations and Theses ndiyo kubwa, na ina rekodi zaidi ya milioni 5. Ilitokana na kampuni ya maikrofilimu iliyoanzishwa na Eugene Power kule Ann Arbor mwaka 1938. Ninaipendekeza kwa sababu moja mahususi: sura ya pili ya tasnifu nzuri ni orodha ya kusoma ambayo mtu alitumia miaka kuikusanya. Udhaifu ni kwamba inaelemea Amerika Kaskazini, na tasnifu za karibuni huweza kuwa zimefungiwa kwa muda kwa ombi la mwandishi. Ya Uingereza, EThOS, ilizimika British Library iliposhambuliwa kimtandao Oktoba 2023 na haikurudi kwa muda mrefu. Kwa zile tasnifu, nenda moja kwa moja kwenye hazina ya tasnifu mtandaoni ya chuo husika.

Ukiwa na mchana mmoja tu

Mwanahistoria: HathiTrust kwanza, kisha JSTOR, na ECCO au EEBO baada ya kuandika pembeni majina yote ya kale ya kitu unachokitafuta. Mtu wa tiba: PubMed, halafu faharasa moja ya manukuu, yoyote mliyonayo. Anayeanza na hajui bado swali lake ni lipi: tasnifu tatu za karibuni, asome marejeo yake, ndipo arudi kwenye visanduku vya kutafutia akiwa na maneno ya watu wa fani.

Na yeyote kati yao aandike kwenye daftari alitafuta wapi, tarehe gani, kwa maneno gani hasa, na alipata majibu mangapi. "Hakuna kitu" bila maandishi hayo siwezi kukusaidia nayo. Nikiyaona, mara nyingi naligundua tatizo kabla hujamaliza kukaa.

Jambo la mwisho kuhusu zile zilizoandikwa "majaribio" kwenye tangazo. Hizo maktaba imekopeshwa kwa muda, mara nyingi mwezi mmoja, na baada ya hapo hufungwa. Hata zilizolipiwa, nyingi ni za kukodi: malipo yakikoma, mlango unafungwa. Mwelekeo wa biashara nao unakwenda huko. Februari 2025 kampuni ya Clarivate, wamiliki wa ProQuest tangu Desemba 2021, walitangaza mpango wa kuacha kuziuzia maktaba vitabu pepe vya kumiliki moja kwa moja. Kwa hiyo pakua mapema unachokihitaji na unachoruhusiwa, ukihifadhi na namba yake ya DOI, yaani kitambulisho chake cha kudumu mtandaoni.

Kisha zitumie kweli. Wakutubi tunapokaa kuamua nini kibaki, tunasoma takwimu za matumizi zinazotolewa kwa kanuni za pamoja za kuhesabu matumizi ziitwazo COUNTER: hifadhidata ilitafutwa mara ngapi, makala ngapi zilifunguliwa, na hata mara ngapi mtu aligonga kitu akakataliwa kwa kuwa hatujakilipia. Kukataliwa huko nako kunahesabiwa. Ukikutana na mlango uliofungwa ambao kazi yako inauhitaji, ugonge, halafu uje dawatini utuambie ni wa nini.